Ijue kazi kabla ya kuomba nafasi: jibu la msomaji kwa swali la wiki

Swali la wiki hii linauliza hivi: mwanafunzi wa chuo anayekusudia kuingia katika fani za tiba ana nafasi zipi mbele yake, na ajiandae vipi? Nimekuwa nikifundisha fiziolojia, yaani elimu ya utendaji wa mwili, kwa wanafunzi wa udaktari, uuguzi na famasia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, na swali hili huletwa ofisini kwangu kila muhula unapoanza. Mara nyingi anayeuliza ameshakata shauri kuwa daktari, na anachotaka kujua ni alama tu. Alama zina umuhimu wake na nitazifikia, lakini kwa maoni yangu maandalizi ya kwanza ni kuijua kazi yenyewe: siku nzima ya kazi hiyo inapitaje, nani anaifanya pamoja na nani, inadai mikono au maneno, na ni jambo gani hasa linalowachosha walio ndani yake. Mwanafunzi asiyeyajua hayo huwa amechagua cheo, na wengi wa wanaokatiza masomo katikati ya safari niliowahi kuzungumza nao waliniambia kwamba hawakuwa wameiona kazi kabla ya kuiomba.

Tuchukue kipimo cha kawaida kabisa, cha kupima kiwango cha potasiamu katika damu. Anayetoa damu akivuta bomba kwa nguvu kupita kiasi kupitia sindano nyembamba, chembe nyekundu za damu hupasuka, na kwa kuwa potasiamu imejaa ndani ya chembe hizo kuliko nje yake, humwagika na kuchanganyika na majimaji ya damu. Sampuli ikishazungushwa katika mashine, majimaji yanayobaki juu, ambayo yalipaswa kuwa na rangi ya manjano hafifu, huonekana mekundu. Namba itakayosomwa hapo itakuwa kubwa, na daktari akiipokea kama ilivyo anaweza kuamini kwamba moyo wa mgonjwa uko hatarini, kisha akaanza kumpa dawa asizozihitaji. Anayezuia madhara hayo ni mtaalamu wa maabara aliyeiona rangi, akaitilia shaka sampuli, akapiga simu wodini na kuomba nyingine. Mgonjwa hatamjua mtu huyo kamwe. Huwaeleza wanafunzi wangu mfano huu mapema, kwa sababu katika wote wanaoniambia kwamba wanataka kuokoa maisha ya watu, ni nadra sana nimpate mmoja anayeitaja maabara.

Nafasi, basi, ni nyingi kuliko zinavyodhaniwa. Wapo wauguzi na wakunga, wafamasia, wataalamu wa mionzi, wa fiziotherapia, wa lishe na wa kutoa dawa ya usingizi. Wapo mafundi na wahandisi wa vifaa tiba, ambao mashine ya kusaidia kupumua ikigoma ndio wanaotafutwa kwanza. Wapo wataalamu wa epidemiolojia wanaofuatilia mlipuko wa ugonjwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, na wa takwimu wanaosaidia kupima kama dawa mpya inafaa au haifai. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia mwaka 2030 dunia itapungukiwa na wahudumu wa afya wapatao milioni 11, na sehemu kubwa ya upungufu huo itakuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Hata hivyo, ni lazima niseme jambo ambalo wanaopigia debe fani hizi hulipitia haraka. Upungufu wa wahudumu haumaanishi kwamba ajira zinakungoja. Zipo nchi ambazo wodi hazina wauguzi wa kutosha na papo hapo wauguzi waliohitimu wako nyumbani, kwa sababu bajeti ya kuwaajiri haikutengwa. Kwa hiyo mwanafunzi asiishie kuuliza kama fani inahitajika. Aulize pia ni nani anayewaajiri wahitimu wake, wahitimu wa miaka miwili iliyopita wako wapi leo, na cheti hicho kinatambuliwa wapi zaidi ya nchi kilikotolewa. Maswali hayo hujibiwa vizuri zaidi na wahitimu wenyewe kuliko na vipeperushi vya chuo.

Njia ya kuingia nayo hutofautiana sana, na asiyeijua njia ya mahali anakotaka kusoma anaweza kupoteza miaka. Nchini Marekani mwanafunzi humaliza kwanza shahada ya kawaida, kwa kawaida ya miaka 4, ndipo aombe chuo cha udaktari cha miaka 4 mingine, na baada ya hapo hufanya mafunzo ya ubingwa ya kati ya miaka 3 na 7 kutegemea tawi alilochagua. Mtihani wa kuingilia huko, MCAT, tangu mwaka 2015 una sehemu nzima inayohusu saikolojia na elimu ya jamii, jambo linaloonyesha kwamba hata vyuo vyenyewe vilikubali kuwa kemia na fizikia peke yake hazimtoshi mtu atakayewatibu watu. Nchini Uingereza wengi huingia moja kwa moja kutoka sekondari kwa masomo ya miaka 5 au 6, na vyuo vingi hutumia mtihani wa UCAT, ambao hauulizi baiolojia kabisa. Hupima namna mtu anavyofikiri na kuamua chini ya shinikizo la muda. Mitihani hii miwili haifanani, na vitabu vya mmoja havimfai anayejiandaa kwa mwingine.

Sasa nije kwenye masomo. Baiolojia, kemia na fiziolojia hakuna anayehitaji kushawishiwa kuzisoma. Somo linalodharauliwa ni takwimu, na kwangu mimi hilo ni kosa kubwa, kwa sababu huko ndiko mgonjwa anakoumizwa bila mtu kukusudia. Tuseme kipo kipimo kinachomgundua mgonjwa mara 99 katika 100, na pia kinachomtambua asiye na ugonjwa mara 99 katika 100, na ugonjwa wenyewe unampata mtu 1 katika kila watu 1,000. Tukiwapima watu 100,000, wagonjwa halisi ni 100, na kipimo kitawaona 99. Wasio na ugonjwa ni 99,900, na kipimo kitamkosea mmoja katika kila mia yao, yaani watu 999. Jumla ya watakaoambiwa kwamba wana ugonjwa ni 1,098, na kati yao wagonjwa wa kweli ni 99 tu, chini ya mmoja katika kila kumi. Nimewapa wanafunzi wa mwaka wa tatu hesabu hii, na wengi wao hujibu haraka kwamba mtu aliyepatikana na ugonjwa kwa kipimo hicho ana uhakika wa asilimia 99 kuwa anaumwa. Mhudumu anayefikiri hivyo atamtia mtu hofu ya miezi kadhaa, na pengine atampasua bila sababu. Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya. Kinachohitajika ni mtu aliyeizoea kabla hajakutana na mgonjwa.

Kuhusu namna ya kusoma nitasema kwa kifupi. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi waliisoma matini tena na tena, na wengine wakaisoma kisha wakajipima kwa kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nionavyo, hapo ndipo ulipo mtego wa usiku wa kuamkia mtihani: kurudia kusoma humfanya mtu ajione amejua, na mtihani wa kesho unaweza hata kumthibitishia hivyo, ilhali kazi ya tiba itamuuliza jambo hilohilo baada ya miaka mitatu. Funga daftari, andika au sema kwa sauti unachokijua, halafu fungua uone ulipokosea.

Sehemu ninayotaka kuikazia zaidi ni kuwa karibu na wagonjwa mapema. Fursa zipo za aina nyingi: kujitolea hospitalini au katika nyumba ya kutunzia wazee, kuomba ruhusa ya kumfuata mhudumu kazini na kutazama, kufanya kazi ya usaidizi wa wodi, kushiriki katika kampeni za chanjo au za uchangiaji damu. Wanafunzi wengi huzidharau kazi za chini wakitafuta nafasi ya kuingia chumba cha upasuaji, na sikubaliani nao. Katika chumba cha upasuaji mwanafunzi husimama mbali akiona migongo ya watu, na mgonjwa amelala usingizi. Anayemsaidia mzee aliyepooza upande mmoja kula hujifunza kwamba chakula huingizwa upande wenye nguvu, kwamba mtu huketishwa wima, kwamba husubiriwa ameze ndipo apewe kijiko kingine, na kwamba sauti ikibadilika na kuwa kama yenye maji baada ya kumeza, mlishaji husimama hapo hapo na kumwita muuguzi, kwa maana huenda chakula kimeelekea njia ya hewa. Somo la mishipa ya fahamu ya koo atakalolisikia baadaye darasani litamkuta tayari ana pa kuliweka.

Ukaribu huo una masharti yake, na mwanafunzi ayajue kabla hajavaa koti jeupe. Habari za mgonjwa hazitoki nje ya wodi, hata bila jina, hata kwa picha ya mkono tu iliyowekwa mtandaoni. Kazi ambayo hukufundishwa wala hukuruhusiwa kuifanya usiifanye, hata akikuomba mtu uliye chini yake, kwa sababu akidhurika mgonjwa hakuna kitakachorekebishwa kwa kusema uliagizwa. Na mikono ioshwe: Shirika la Afya Duniani linaelekeza sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni, au 20 hadi 30 kwa dawa ya kileo. Daktari Ignaz Semmelweis alionyesha mwaka 1847, katika hospitali ya wazazi mjini Vienna, kwamba vifo vya wazazi vilipungua sana pale madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti walipotakiwa kuosha mikono kwa dawa ya klorini. Wenzake wengi hawakumkubali. Huwakumbusha wanafunzi kwamba waliokuwa wakipeleka ugonjwa kwa wale akina mama walikuwa wanafunzi kama wao, wasomi, wenye nia njema.

Ukaribu huu ndio pia unaomsaidia mwombaji siku ya usaili. Vyuo vingi sasa hutumia utaratibu ulioanzia Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, ambapo mwombaji hupita vituo kadhaa vifupi, kila kimoja na mtahini wake na hali yake: mwenzako amelewa kazini, ndugu wa mgonjwa amekasirika, dawa ni moja na wagonjwa ni wawili. Majibu ya kukariri hujulikana mara moja. Nimewahi kukaa upande wa watahini, na tofauti kati ya aliyewahi kumsikiliza ndugu wa mgonjwa aliyekasirika na aliyesoma tu habari zake huonekana katika dakika ya kwanza, kwa sababu wa kwanza huuliza swali na wa pili huanza kutoa maelezo.

Kabla ya kulipa ada popote, hakikisha mambo mawili: kwamba chuo kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na nchi yake, na kwamba baraza la usajili la nchi unakotaka kufanya kazi linakubali shahada zake. Orodha ya Dunia ya Vyuo vya Tiba, inayopatikana bure katika intaneti, ni mahali pazuri pa kuanzia, ila kuwemo kwa chuo katika orodha hiyo si ithibati, na wenye orodha wenyewe husema hivyo. Nimeona familia zilizouza mali kumpeleka mtoto ng'ambo, akarudi na shahada isiyoweza kumsajili. Barua pepe moja kwa baraza, iliyoandikwa mapema na kujibiwa kwa maandishi, ingewaepusha na hasara hiyo.

Afya ya mwanafunzi mwenyewe nayo ni sehemu ya maandalizi. Tamko la Geneva, kiapo cha madaktari kilichopitishwa mwaka 1948 na Chama cha Madaktari Duniani, lilirekebishwa mwaka 2017 na kuongezewa ahadi ya daktari kuitunza afya yake ili aweze kutoa huduma bora. Ninawaomba wanafunzi waanze kulitimiza hilo wakiwa bado chuoni: walale, na wakizidiwa na huzuni au wasiwasi wamwone mshauri kabla ya mitihani, si baada ya kufeli.

Kwa asiyepata nafasi mara ya kwanza, na hao ni wengi mahali pengi, shauri langu ni hili. Chuo kikiwa na utaratibu wa kueleza sababu za kukataa, ziombe. Kama kilichokukwamisha ni mtihani, badili namna ya kujiandaa kabla ya kuurudia, kwa maana kuurudia kwa maandalizi yaleyale huleta matokeo yaleyale. Na mwaka huo wa kusubiri uutumie katika kazi yoyote ya halali iliyo karibu na wagonjwa. Ukifika mwisho wa mwaka na bado unautaka udaktari, ombi lako la pili litakuwa na mambo ya kueleza ambayo la kwanza halikuwa nayo. Ukigundua kwamba kilichokuvuta ni maabara, au ukunga, au utunzaji wa wazee, omba huko, na uombe kwa moyo wote.