Prado yako haitaki diski za matundu, inataka mafuta mapya ya breki

Ujumbe ulioleta makala hii ni mfupi. Msomaji ana Prado ya 1998, ya dizeli, na tairi amezitoa 265/70R16 akaweka 285/75R16. Kila wiki hupanda mji wa Kwale, ulio kilimani, na watu na mizigo. Akishuka, kabla hajafika Kombani chini ya mteremko, pedeli ya breki imekuwa laini na inazama kuliko kawaida. Asubuhi ya pili yake breki ni nzima kama hakuna kitu. Muuza spea amemwambia dawa ni diski zenye matundu na mistari, na mfuko ukiruhusu, kalipa kubwa zaidi, yaani kile kifaa chenye pistoni kinachobana diski kwa pedi. Anauliza anunue za kampuni gani.

Asinunue yoyote kwa sasa.

Ndugu yangu, dalili uliyoieleza inajulikana. Pedeli ikibaki ngumu lakini gari halishikiki, hapo pedi zimepita joto lake. Pedeli ikiwa laini, ikazama, kisha ikapona gari likipoa, mafuta ya breki yamechemka. Mafuta hayabaniki, mvuke hubanika, kwa hivyo mguu wako unabana mvuke badala ya kusukuma pistoni. Diski ya matundu haigusi tatizo hilo hata kidogo.

Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na kwa unyevu wetu wa pwani hayasubiri kualikwa. Aina zake huandikwa kwenye kopo kwa jina la DOT na namba. DOT 3 mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango cha chini kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na maji; DOT 5.1 ni 260 na 180. Hizo tatu zinaelewana. DOT 5, ile ya silikoni, ni kitu kingine: usiichanganye na hizo hata tone, majina yanapotosha.

Sasa pima mteremko. Gari la kilo 2,000 likisimama kutoka kilomita 80 kwa saa, breki humeza karibu kilojuli 494. Gari hilohilo likishuka mita 100 za kimo kwa mwendo usiobadilika, linatoa karibu kilojuli 1,960, yaani sawa na kusimama mara nne kutoka 80, na katikati hakuna nafasi ya kupoa. Injini na upepo huchukua sehemu yake, lakini ukishuka gia ikiwa D na mguu juu ya breki, sehemu kubwa inabaki kwenye diski. Gia ya pili tangu juu ya kilima ni bure na inashinda kalipa yoyote inayouzwa mjini.

Anza basi na mafuta. Nunua lita moja na nusu ya DOT 4 kwenye makopo yaliyofungwa. Kopo lililofunguliwa mwezi uliopita ni la kutupa. Nyonya ya zamani kwenye masta silinda, pampu inayosukumwa na pedeli, kwa sirinji, jaza mapya, kisha toa ya zamani kwenye skrubu za kutolea hewa za magurudumu ukianza na lenye bomba refu zaidi. Kwa usukani wetu wa kulia, huwa ni nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, mwisho mbele kulia. Kama vali ya mzigo ina skrubu yake ya kutolea hewa, iwe ya mwisho kabisa. Anayekanyaga pedeli asiizamishe hadi sakafuni: sili za masta silinda kuukuu zikipita sehemu iliyoota kutu zinachanika, na wengi hununua masta mpya kwa sababu ya kosa hilo tu. Rudia kila baada ya miaka miwili. Rangi isikudanganye, mafuta meupe yanaweza kuwa yameshiba maji.

Hiyo vali ya mzigo inastahili maneno yake. Iko juu ya ekseli ya nyuma, ina fimbo inayosoma gari limeinamia kiasi gani. Nyuma ikishuka, inaruhusu shinikizo zaidi kwenda breki za nyuma. Mtu akipandisha gari kwa springi ndefu asiirekebishe fimbo, vali inaamini gari ni tupu siku zote, na breki za mbele zinabeba kazi ya magurudumu yote manne. Fundi akikuambia imeganda kwa kutu, mwamini lakini aikague mbele yako: watu wawili wakae nyuma ndani ya gari, fimbo isogee.

Chumvi ndiyo adui wa pili. Gari linalovuka Likoni kila siku, au linaloegeshwa Nyali upepo wa bahari ukilipuliza, huganda pini za kalipa na pistoni kabla pedi hazijaisha. Ukiona pedi ya ndani imebaki milimita 3 na ya nje ina 8, pedi hazina kosa. Kwenye kalipa ya kuteleza, ile inayosogea juu ya pini, toa pini, sugua kutu, paka grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya kawaida ya beringi inavimbisha mipira, na baada ya miezi michache pini inakwama zaidi ya mwanzo. Prado ya toleo la 90, kama hiyo yako ya 1998, mbele haina pini hizo, ina pistoni nne, mbili kila upande, kwa hivyo angalia kila moja inarudi kwa kusukumwa kiasi. Unaporudisha pistoni, fungua skrubu ya kutolea hewa ili mafuta machafu yatoke pale, yasipande kwenye ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge.

Gurudumu likishika peke yake na rimu ikawa moto, kuna kipimo cha dakika moja. Inua gari kwa jeki, weka stendi, fungua skrubu ya kutolea hewa ya gurudumu hilo. Likiachia palepale, shinikizo lilikuwa limefungiwa, na mara nyingi ni paipu ya mpira iliyovimba kwa ndani: inapitisha mafuta kwenda, hairudishi. Likibaki limeshika, ni pistoni. Paipu za mpira za 1998 ambazo hazijawahi kubadilishwa, mimi sizipimi, nazitoa.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze pedi. Za kawaida za asili ya Japani huwa laini, kimya, na zinatosha mjini. Kwa Kwale, kwa Mwatate kupanda Wundanyi, kwa gari lenye tairi nzito, chukua zenye chembe za chuma. Zitatoa vumbi jeusi kwenye rimu, zitalia kidogo asubuhi, zitakula diski haraka zaidi, na zitashika zikiwa za moto. Za kauri ni safi na tulivu, nazipenda kwa gari la kwenda ofisini, si kwa mzigo. Geuza pedi usome ubavuni: mara nyingi kuna herufi mbili. Ya kwanza ni mshiko wa joto la kawaida, ya pili ni mshiko wa joto kali. E ni 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari zito tafuta FF au zaidi. FE maana yake inashika vizuri sokoni na inalegea mteremkoni. Alama ya R90 ni kanuni ya Ulaya inayotaka pedi isitofautiane na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15; ni ulinzi mzuri kuliko maneno ya kaunta. Pedi isiyo na maandishi yoyote nyuma ya bati, hata boksi liwe limemeremeta vipi, iache ilipo.

Diski zipime kwa mikromita, si kwa kidole. Kikomo kimechongwa kwenye diski yenyewe, MIN na namba ya milimita. Pima sehemu nane kuizunguka. Iliyo juu ya kikomo inasuguliwa, tena pande zote mbili za ekseli. Iliyokaribia kikomo haina haja ya mashine, itaisha kabla ya pedi mpya. Na kabla ya kulaumu diski kwa kutetemeka, sugua kutu kwenye habu, pale diski inapokaa, kwa brashi ya waya. Punje ya kutu chini ya diski inayumbisha ukingo wake, na kutetemeka kunarudi baada ya kilomita elfu chache hata kwa diski mpya.

Matundu hupunguza chuma kinachohifadhi joto, na nyufa huanzia kwenye matundu hayohayo. Mistari haina ubaya huo, inafagia maji na vumbi, ila inakula pedi. Diski nzima, yenye mapengo ya hewa katikati na uzito wa asili, ndiyo chaguo langu kwa kila SUV ya umri huu.

Kalipa kubwa zina nafasi yake. Marekani, wenye Toyota 4Runner za 1996 hadi 2002 hufunga diski na kalipa za pikapu ya Toyota Tundra ya toleo la kwanza, na Prado ya 90 ni ndugu wa karibu wa gari hilo. Zinafanya kazi. Lakini pistoni kubwa hutaka mafuta zaidi, pedeli inashuka zaidi, na baadhi ya rimu zinagusa kalipa. Kabla ya hapo rudisha tairi. Zile 285/75 ni kubwa kwa asilimia 7, kwa hivyo mguu uleule unatoa mshiko pungufu kwa kiasi hichohicho, na uzito wa ziada unazunguka juu yake. Umenunua udhaifu huo kwa pesa zako, sasa unataka kununua dawa yake.

Pedi mpya zizoeze: alfajiri, barabara tupu kama ile ya Dongo Kundu, punguza kutoka 60 hadi 10 mara nane au kumi kwa nguvu ya wastani bila kusimama, kisha tembea kilomita kadhaa bila kugusa breki. Na siku utakaposhuka Kwale ukakuta kizuizi cha polisi chini ya mteremko, weka hendibreki na utoe mguu kwenye pedeli. Pedi ya moto ikibanwa mahali pamoja inaacha muhuri wake kwenye diski, na ndipo mtu anarudi dukani kusema diski mpya zimepinda.