"Anti, Wanataka Laki na Nusu Ndo Nipewe Nafasi": Maswali Yenu ya Uigizaji

Haya wapendwa, safari hii meseji nyingi zimetoka reli ya kati, Kigoma na Tabora mmenishambulia kwelikweli, nimechagua chache na majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

Shikamoo Anti. Mi binti nina miaka 20 naishi Ujiji. Kuna kaka kanicheki WhatsApp anasema ni meneja wa kampuni ya filamu Dar, ameona klipu zangu TikTok, anasema nimeshapita odisheni wakati sijafanya odisheni yoyote. Anataka nitume laki na nusu ya fomu na kitambulisho cha msanii kabla ya Ijumaa, afu nipande treni niende. Mama kasema atauza vitenge vyake anipe. Nitume? Mtoto wa Ujiji

Marahaba mwanangu. Vitenge vya mama vibaki kwenye sanduku, usitume hata mia.

Ngoja nikueleze hela kwenye filamu inatembeaje manake hapo ndo watu wanapigwa. Prodyuza ndo mwenye hela au ndo aliyeitafuta, yeye anamlipa kameramani, analipia lokesheni, analisha watu, na wewe muigizaji uko upande wa wanaolipwa, hata kama ni elfu kumi na sahani ya wali. Siku ukiona mshale umegeuka, muigizaji ndo anamlipa prodyuza, basi hapo hamna filamu, kuna mtu anauza fomu. Na akipata mabinti ishirini kama wewe kwa mwezi hahitaji kamera ya nini, ana mshahara tayari.

Sasa atakwambia hiyo hela ni ya usajili. Ni kweli usajili upo, kuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na kuna Bodi ya Filamu Tanzania, na ada zipo, lakini ada ya serikali unalipa mwenyewe kwa kontroo namba, haiendi kwenye laini ya simu ya kaka wa watu. Ukitaka kujua utaratibu na ada za sasa nenda halmashauri hapo Kigoma mjini ulizia Afisa Utamaduni, ofisi yake haina foleni wallahi, wasanii wengi hata hawajui kama yupo.

Meneja wa ukweli anakula asilimia ya kile ulicholipwa, baada ya wewe kulipwa. Huko Marekani wenzetu wana chama cha waigizaji, SAG-AFTRA, mawakala wanaofanya kazi na wanachama wake mwisho wao ni asilimia 10, na hiyo 10 inakatwa kwenye malipo ya kazi, hamna kitu cha fomu. Kwetu asilimia mnakubaliana wenyewe ila mpangilio ni uleule.

Mjibu hivi, kwa upole tu: "Kaka asante, naomba jina la filamu, jina la dairekta, na kazi yenu moja iliyokwisha toka niione. Na mkataba nitumiwe nisome na mzazi wangu." Afu kaa kimya. Matapeli hawapendi maswali, wengine watakutukana, wengine watakuambia nafasi inaenda kwa mwingine, mwache aende nayo.

Na hili la kupanda treni. Hata mtu awe wa kweli, kikao cha kwanza kinafanyika mchana, ofisini au sehemu yenye watu, unaenda na mtu wako, na nyumbani wanajua uko wapi. Odisheni haifanyiki gesti. Akianza habari za kulala naye ndo upewe nafasi, hiyo ni rushwa ya ngono na ni kosa kabisa kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, meseji zake usizifute hata kama zinakuchefua, zipige skrinshoti, na TAKUKURU unawapigia 113 bure.

Mama mwambie nimemsalimia, mama anayeuza vitenge vyake kwa ajili ya ndoto ya mtoto ni wachache, ila hiyo laki na nusu kama ipo soma jibu linalofuata uone kitu cha kununua.

Anti mambo. Nimeona tangazo la tamthilia, wanataka watu watume video ya dakika moja wanaigiza kipande walichotoa. Nipo Mwanga, Kigoma, nina simu tu. Nimerekodi mara kibao naona kama nachekesha. Na pia washkaji wananiambia lafudhi yangu ya Kigoma itaniangusha. Mdau wa Mwanga

Poa mdogo wangu. Simu inatosha kabisa, wanaopokea hizo video hawatafuti picha ya sinema, wanatafuta kukuona na kukusikia, basi.

Tumia kamera ya nyuma, ifute kwanza kioo kwa kitambaa (we cheka tu, video nyingi zina ukungu wa mafuta ya vidole). Simu ilale kwa ubavu, picha itoke pana, usiisimamishe wima, na iwekwe usawa wa macho yako, pandisha ndoo, juu yake vitabu, mradi isikuangalie kutoka chini. Kaa umeelekea dirisha, dirisha likiwa mgongoni unageuka kivuli. Nyuma yako ukuta mtupu, kalenda ya duka na picha ya harusi ya kaka toa. Tuone kuanzia kifuani kwenda juu. Mtu akusomee mistari ya mwenzako akiwa amesimama karibu kabisa na simu, pembeni kidogo, we unamwangalia yeye, huiangalii simu, na asome kwa sauti ya chini kuliko yako, manake nimeona nyingi rafiki ndo anaigiza kuliko mwenye odisheni.

Sauti ndo itakusumbua. Mwanga najua kulivyo, bodaboda, spika za duka la simu, jogoo wa jirani ambaye hajui saa. Rekodi asubuhi mapema, funga dirisha, tandika blanketi chini na jingine litundike nyuma ya simu, chumba kitaacha kupiga mwangwi. Hapo ndo nilikuwa namwambia mtoto wa Ujiji, kama una elfu ishirini thelathini ya kutumia nunua kimaiki cha kubana kwenye shati na stendi ya simu, kwa kuanzia vinatosha.

Kuhusu kuchekesha. Nadhani unaigiza kwa mabega. Kipande cha dakika moja mara nyingi ni mtu anataka kitu kwa mwenzake, anataka kusamehewa, anataka hela, anataka mtu asiondoke. Jiulize huyu anataka nini, afu kitake kweli kwa huyo anayekusomea, macho yatafanya kazi yenyewe. Kamera iko karibu, ukikunja uso kama unaigiza uwanja wa Lake Tanganyika utaonekana una tumbo linauma.

Mwanzoni taja jina, umri, urefu, unapoishi, kama wameomba. Kama hawajaomba ingia kazini moja kwa moja. Tuma moja nzuri, usitume tano uwaachie wachague. Na ukituma WhatsApp itume kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa picha inaharibika. Faili lipe jina lako na jina la mhusika, sio VID na namba ishirini. Filta hapana, hapana, hapana.

Lafudhi usiitupe. Jifunze tu kuiwasha na kuizima. Kila jioni soma gazeti kwa sauti dakika kumi, jirekodi, sikiliza, utaanza kujisikia pale unapovuta. Siku wakitafuta mvuvi wa Kibirizi au mfanyabiashara wa dagaa utaona hao wa Dar wanavyohangaika kuigiza sauti ambayo we umezaliwa nayo.

Mwangaluka Anti. Nipo Isevya Tabora, nina miaka 24, nimemaliza chuo sina ajira. Nataka nihamie Dar nikakae karibu na kina Bongo Movie, huku hamna kitu. Unanishaurije? Kijana wa Isevya

Mwangaluka baba. Dar una pa kulala? Kama huna, usiende kwanza.

Sikatai, kazi nyingi ziko Dar, tamthilia za Azam na za Maisha Magic Bongo nyingi zinapigwa huko, na marehemu Steven Kanumba mwenyewe alikuwa wa Shinyanga akaenda kung'aria Dar. Lakini watu wanasahau kipande cha katikati, hakushuka tu kwenye basi akawa staa, alipitia kikundi cha maigizo cha Kaole, watu wanafanya mazoezi, wanaonekana ITV, wanajulikana ni nani anakuja kwa wakati na nani anakuja amelewa. We huko Tabora una kikundi gani? Una kitu gani cha kumwonyesha mtu akikuuliza umefanya nini?

Halafu hii ya "huku hamna kitu" mi siinunui. Nani ana kamera nzuri Tabora? Wapiga video za harusi. Kamera wanazo, taa wanazo, maiki wanazo, na kuediti wanajua, na wengi wao moyoni wanataka kutengeneza filamu wamechoka kupiga watu wakikata keki. Ukifika mwezi wa Ramadhani harusi za Waislamu zinasimama, kwa mji kama Tabora au Ujiji ina maana vifaa vimelala, Kwaresma nako hivohivo kwa wenzetu. Mfuate mmoja kabla, mwambie nina stori ya dakika tano, watu watatu, nyumba moja, ukipata nafasi tupige. Stori ikateni wenyewe iendane na kile mlichonacho, msiandike helikopta. Na mkitaka kutoka nje kupiga ombeni ruhusa, mwenyekiti wa mtaa ajue, na stesheni ya reli usithubutu kufungua stendi ya kamera bila kibali, mtakamatwa na vifaa vya watu. Mkifika hatua ya kuionyesha kwa watu hadharani, Bodi ya Filamu lazima iipitie kwanza na kuipa daraja la umri, tena Afisa Utamaduni atawaelekeza.

Kingine, mashirika. Ukanda wenu huu, hasa upande wa Kasulu kwenye kambi ya Nyarugusu, kuna mashirika yanafanya kazi za afya, watoto, mazingira, na mara kwa mara yanahitaji watu wa maigizo ya redio na video za elimu. Sio za kukufanya upigwe picha barabarani ila posho ipo, na unajifunza kushika skripti.

Kama hamu ni ya shule kweli kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni pale Bagamoyo, wanafundisha sanaa tangu 1981 enzi kinaitwa Chuo cha Sanaa. Ukienda huko angalau umeondoka Tabora una sababu na una pa kufikia.

Anti naomba koneksheni. Kila nikiwaandikia madairekta inbox hawajibu, wananiona mimi nani? Wa Kasulu

Umenitumia na mfano, nauweka hapa watu waone: "Boss naomba nafasi nina kipaji sana naweza kuigiza chochote Mungu atakubariki." Mwanangu, dairekta anaamka na hizo mia. Anaweza kuigiza chochote ndo nini? Hajui umri wako, hajui uko wapi, hajaona hata uso.

Jaribu hivi: "Habari kaka. Niliona kazi yako ya mwezi uliopita, ile sini ya msibani mama anakataa kulia ilinikaa. Mimi ni muigizaji, miaka 26, nipo Kasulu, hii hapa video yangu ya dakika moja. Mwezi ujao nitakuwa Dar wiki mbili, kama kuna siku unahitaji ekstra au mtu wa kubeba vifaa nipo." Mwisho. Na iwe umeiona kweli hiyo kazi, usinakili hii ya kwangu na msiba wake. Asipojibu nyamaza, rudi baada ya miezi miwili mitatu ukiwa na kitu kipya, sio "vipi boss mbona kimya".

Nimesema kubeba vifaa makusudi. Lupita Nyong'o, yule muigizaji wa Kenya, kabla ya kusoma Chuo Kikuu cha Yale na kabla ya ile tuzo ya Oscar ya 2014 alishafanya kazi ya usaidizi nyuma ya kamera kwenye filamu ya wageni iliyopigwa Kenya. Ukiwa seti unaona nani anaamua nini, na huyo kijana anayeshika maiki leo, mwakani anatafuta muigizaji wa filamu yake mwenyewe na atamkumbuka aliyemletea maji. Kwa hiyo usiwakimbilie mastaa tu, piga stori na mtu wa mavazi, na msaidizi wa dairekta, na mwandishi wa skripti.

Na ukipewa hata sini moja, kumbuka mikono yako. Kama shoti ya kwanza umeinua kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto ukiwa unasema "sirudi", shoti ya pili ni kushoto na ni kwenye "sirudi", la sivyo mhariri hawezi kuunganisha, na atakata uso wako aweke wa mwenzako. Watu wanapotea kwenye filamu kwa sababu ya kikombe.

Mkataba pia, hata kwa siku moja, hata wa ukurasa mmoja: siku ngapi, shilingi ngapi, nauli na chakula juu ya nani, unalipwa lini, picha zako zitatumika wapi. Muigizaji ana haki zake kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ila ukisaini umeziuza zote bila kusoma utakuja kulia kwangu na mi sina la kukusaidia.

Anti, mimi ni mama wa miaka 47, Cheyo Tabora, nauza asali na karanga. Watoto wananicheka nikisema nataka kuigiza. Nimechelewa?

Dada yangu, hao watoto waambie wakacheze. Kila anayeniandikia ana miaka 22 na anataka kuwa mpenzi wa mtu, lakini kila stori ya Kiswahili ina mama mkwe, ina shangazi, ina mama mwenye nyumba anayedai kodi, na wakikosa mtu wanampaka binti unga kichwani. We umeshadai hela za asali kwa watu wagumu, hiyo sini unaijua. Anza na kwaya au kikundi cha ngonjera hapo mtaani kama kipo uzoee kushika maneno, na kapige picha mbili, moja ya uso, moja umesimama mzima, umevaa kama unavyovaa ukienda sokoni, mchana, nje kwenye kivuli. Wanja kidogo ruksa. Ukizipata nitumie, kuna mtu namfahamu anatafuta mama mkwe.