Kundi la audio ni la mtu mmoja tu: kwa ndugu mwenye stationery ya Tabora

Mkuu, toa mikono kwenye kibodi kwanza. Hiyo sentensi yako ya mwisho, "jioni nawaingiza wote watatu kwenye audio, ikigoma naweka pulseaudio --system", imenifanya niache foleni ya watu wa fotokopi nikae kuandika. (PulseAudio ni programu ya Linux inayopeleka sauti kwenye spika; audio ni kundi la watumiaji wenye ruhusa ya kadi ya sauti.)

Kwa waliochelewa uzi: mwenzetu ana kompyuta moja ya Linux, Ubuntu 20.04, akaunti tatu. Akaunti ya "muziki" inapiga nyimbo kwenye spika za nje kuvuta wateja, mbili zilizobaki ni za kazi. Akihamia akaunti ya kazi bila kufunga ile ya muziki, sauti inakata. Anataka wote watumie spika zilezile. Kuna bingwa hapo juu kamjibu kwa mstari mmoja tu: `usermod -aG audio` kwa kila mtu, yaani waingize wote kwenye kundi hilo, imeisha hiyo. Na watu wamemgongea like!

Haijaisha. Hapo ndiyo inaanza.

Nipo Kigoma, Mwanga, biashara yangu na yako ni mapacha. Mimi pia niliambiwa "imeisha hiyo", na fundi mmoja anayejua kila kitu isipokuwa kusema hajui. Akawaingiza wote kwenye kundi, akapokea chake, akaondoka. Siku hiyo sauti ikafanya kazi kweli, mpaka nikamnunulia soda. Hiyo soda inaniuma kuliko hela.

Elewa kwanza kwa nini sauti yako inakata, maana siyo ubovu. Kwenye Linux kadi ya sauti anapewa aliye mbele ya skrini. systemd-logind, programu ya mfumo inayosimamia akaunti zilizofunguliwa, anaweka ruhusa kwenye mafaili ya `/dev/snd` kwa jina la mwenye akaunti iliyo wazi; ukibadilisha akaunti, anamnyang'anya wa kwanza na kumpa wa pili. PulseAudio ya wa kwanza ikiona imenyang'anywa, inasimama. Wamefanya hivyo makusudi, ili aliyeachwa nyuma asibaki anasikiliza maikrofoni yako. Andika `getfacl /dev/snd/pcmC0D0p` uone jina la nani liko pale, halafu badili akaunti uangalie tena.

Kundi la audio linaruka utaratibu huo wote. Aliyemo ana ruhusa saa zote, awe mbele ya skrini au nyuma. Sasa kumbuka kwamba PulseAudio haiko moja kwa mashine nzima, kila mtumiaji anawasha ya kwake. Ukiwaingiza watatu umepata PulseAudio tatu zenye ruhusa sawa zikigombea kadi moja, na kadi nyingi za kawaida zinampokea mmoja tu kwa wakati. Wa kwanza kufika anaishika. Wa pili anakuta mlango umefungwa, na kwenye mipangilio yake anaona "Dummy Output", yaani anapiga muziki hewani.

Kilichonimaliza ni hiki: PulseAudio ikikaa kimya sekunde 5 inaiachia kadi. Kwa hiyo tatizo halikai. Wimbo ukiisha na mwingine ukachelewa kuanza, akaunti ya kazi inainyakua kadi, mara sauti ipo. Ukirudi kule muziki umekufa. Baada ya muda unarudi wenyewe bila mtu kugusa chochote. Ingekufa moja kwa moja ningejua ni mipangilio. Kitu kinachokufa na kufufuka, wewe ungesema nini? Mimi nilisema waya. Usicheke.

Fundi akaitwa tena. Akatikisa waya, akatikisa kichwa, akasema kadi ya ndani imechoka. Nikaagiza kadi ya USB kutoka Kariakoo, ikaja na basi, nikaichomeka mwenyewe kwa mbwembwe huku vijana wa bodaboda wakishangilia mlangoni. Ikaimba! Lazima iimbe, ilikuwa mpya na hakuna aliyekuwa ameishika. Mchana nikafungua akaunti ya kazi, kimya. Fundi akasema basi ni umeme, nikanunua stabilaiza. Kimya. Akasema amplifaya, tukafungua amplifaya nzima iliyokuwa haina kosa lolote, na mpaka leo kitufe chake cha besi kinacheza kama jino bovu. Katikati ya hayo akaja mzee wa watu na flashi, anataka kusikia tangazo la mnada wake kabla ya kulipia. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena, kimya. Akaenda duka la jirani, na wateja wake wote sasa wanaenda kule.

Muda wote huo amri moja ingetosha: `sudo fuser -v /dev/snd/*` (sudo ni kuendesha amri kwa mamlaka ya msimamizi; bila hiyo huwaoni wa akaunti nyingine). Inakutajia nani kaishika kadi. Hakuna aliyeniambia. Nikisikia mtu anasema "ingiza wote kwenye audio" nasikia harufu ya ile amplifaya.

Na hiyo `--system` unayoiweka akiba? Niliijaribu pia, kwa ushauri wa video moja ya jamaa anayeongea haraka. Ni kweli wote watasikika, lakini waliotengeneza PulseAudio wenyewe wanaonya kwamba haifai kwa kompyuta ya kawaida. Wote mnaingia kwenye programu moja, na kila mwenye ruhusa anaweza kurekodi maikrofoni na kila kinachopita kwenye spika. Nilirekodi tangazo la mteja kwa kunasa sauti ya kompyuta yenyewe, kumbe kijana kwenye akaunti nyingine anaangalia mpira. Tangazo la viti vya kukodi likatoka na mtangazaji anapiga kelele za kona. Mteja aliuliza kama hiyo ni ofa.

Sasa shika hili: mwenye kadi awe mmoja, wengine wapite kwake. Kwako ni "muziki". Yeye peke yake ndiye abaki kwenye audio, ili asinyang'anywe kadi akiwa nyuma ya skrini. Wengine kama umeshawaingiza watoe kwa `sudo gpasswd -d jina audio`, kisha watoke kabisa kwenye akaunti, siyo kubadilisha tu.

Tengeneza kundi lako, tuseme `sauti` (`sudo groupadd sauti`), waingize wote watatu humo. Kisha tunafungua soketi, yaani mlango ambao wengine watapita kumfikia muziki. Kwenye akaunti ya muziki, faili la `~/.config/pulse/default.pa`:

```
.include /etc/pulse/default.pa
load-module module-native-protocol-unix auth-group=sauti socket=/tmp/sauti.sock
```

Mstari wa kwanza usiuache, maana faili lako linachukua nafasi ya lile la mfumo na utabaki bila kadi kabisa. Mtandaoni utaona wanaandika `auth-anonymous=1` badala ya kundi. Hiyo inamruhusu yeyote mwenye akaunti kwenye mashine. Achana nayo.

Kwenye akaunti za kazi, `~/.config/pulse/client.conf` iwe na mstari mmoja:

```
default-server = unix:/tmp/sauti.sock
```

Halafu uzime PulseAudio zao zisijiwashe, ukiwa ndani ya kila akaunti na bila sudo:

```
systemctl --user mask pulseaudio.service pulseaudio.socket
```

Narudia, bila sudo. Ukiweka sudo, amri inaenda kwa root, yaani msimamizi wa mfumo, badala ya mwenye akaunti, na hapo utaniita mchawi.

Asubuhi ingia muziki kwanza, ndipo wengine. Akitoka yeye, wote wanakuwa mabubu. Na akaunti utakayorekodia matangazo ya wateja usiiunganishe huku kabisa, umeshasikia habari za kona.

Ukihamia Ubuntu 22.10 au ya baadaye utakuta programu ya PipeWire imechukua nafasi ya PulseAudio. Kanuni ni ileile, ila soketi inaandikwa kwenye `pipewire-pulse.conf`, sehemu ya `server.address`.

Ukimaliza, ingia akaunti ya kazi uandike `pactl info`. Mstari wa "Server String" ukionyesha `/tmp/sauti.sock`, piga wimbo. Ukionyesha kitu kingine, bandika hapa majibu ya `sudo fuser -v /dev/snd/*` na `groups` ya kila akaunti, nitaangalia usiku nikifunga duka. Fundi usimwite.