Ukimpeleka kliniki ya akili, omba apimwe na sukari

Ninamuuguza mdogo wangu mwenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo, hapa Moshi. Kwa yeyote aliye na ndugu kama huyu nina ombi moja: mwili wake nao uangaliwe.

Alipoanzishiwa olanzapini, dawa ya ugonjwa huo, sauti zilitulia. Ila njaa ikawa haimwishi. Anamaliza bakuli la mtori, anauliza chapati, kisha soda. Kitambi kikaja, ikafuata kiu, akawa anaamka usiku kucha kwenda haja ndogo. Mchana anazubaa tu, hana hamu hata ya kuoga. Majirani wakasema mvivu, wengine wakasema ugonjwa umerudi. Nikaomba apimwe sukari kabla ya kula. Ilizidi 7 (milimoli kwa lita), kiwango cha kisukari, na walipoirudia wakathibitisha ni kisukari.

Olanzapini na klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, huongeza hamu ya kula na kuvuruga kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari mwilini. Lakini tusizibebeshe dawa lawama zote. Hata wagonjwa ambao hawajawahi kumeza kidonge wamekutwa na hitilafu za sukari, na daktari Mwingereza Henry Maudsley aliandika mwaka 1879, dawa hizi hazijakuwepo, kwamba kisukari huonekana sana katika familia zenye magonjwa ya akili.

Nakusihi, usimwachishe dawa kwa sababu ya kitambi. Sisi daktari alituongezea metformini, dawa ya kisukari, soda tukaiacha nyumba nzima, na asubuhi tunatembea pamoja. Sukari iliposhuka akaanza kulala usiku, na alipolala, mchana akawa anaongea na watu. Sauti hazijaisha, ila hazimwandami kama zamani.

Kuhusu mlo wa kukata karibu wanga wote: mwaka 2024 watafiti wa Stanford, Marekani, waliujaribu kwa watu 21, watano kati yao wakiwa na skizofrenia, na dalili zilipungua. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo ndizi simnyimi, nampunguzia.

Kabla ya dawa mpya omba vipimo vya uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta kwenye damu. Sukari irudiwe baada ya miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kiuno pima mwenyewe nyumbani kwa futi kamba. Mwanaume akivuka sentimita 94, kamwambie daktari. Na kama anavuta sigara na anataka kuacha, daktari ajue mapema, maana akiacha, olanzapini au klozapini huongezeka kwenye damu na dozi huenda ikahitaji kupunguzwa.