Maswali ya Wasomaji: Sigara za Magendo na Duka la Mtaani

SWALI: Mhariri, mimi ni mama mwenye duka dogo la bidhaa mchanganyiko Uyole, jijini Mbeya. Siku hizi vijana hupita jioni na mabegi wakiuza sigara zinazosemekana kutoka ng'ambo ya mpaka, kwa bei ambayo mimi siipati hata kwa msambazaji. Wateja wa sigara wamenipungua, na mauzo ya mkate, soda na vocha nayo yameshuka. Kijana mmoja amenishawishi nichukue katoni kwake. Je, nikiuza, kosa ni langu au ni la aliyezivusha?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lenye hatari kubwa kwako. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 200, haimbani aliyevusha peke yake; inamhusu pia anayekutwa na bidhaa zisizolipiwa ushuru, ikiwa alijua au alipaswa kujua hivyo. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini ya nusu ya thamani ya bidhaa hizo kiforodha, au vyote viwili. Mwenye duka aliyenunua katoni kutoka kwenye begi, bila risiti na kwa bei iliyo chini ya ile ya msambazaji, atapata taabu kubwa kumshawishi hakimu kwamba hakujua.

Sigara halali hubeba ushuru wa bidhaa, unaotozwa kwa kila sigara 1,000, pamoja na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Anayepitisha mzigo kwenye njia za panya za Tunduma, kilomita zipatazo 100 tu kutoka Mbeya mjini, au za Kasumulu wilayani Kyela, amekwepa yote hayo, na ndiyo maana anaweza kushusha bei kiasi ambacho wewe hukifikii hata ukijinyima vipi.

Kuhusu mkate na vocha, umegusa jambo ambalo wanaozungumzia magendo kwa hesabu za mapato ya serikali pekee hawalioni. Faida ya sigara yenyewe ni ndogo, lakini mtu anayekuja asubuhi kuchukua sigara mbili huondoka pia na kiberiti, maandazi na vocha. Akishazoea kununua kwa kijana wa begi, hana tena sababu ya kusimama dukani kwako. Duka kubwa la mjini linaweza kustahimili pengo hilo, ilhali duka la mtaani linalolipa kodi ya pango na leseni huanza kupunguza bidhaa rafuni, na rafu tupu huwafukuza hata wale wasiovuta. Jambo hili linatusikitisha sana.

Zingatia pia kwamba mteja anayenunua sigara mojamoja haioni pakiti, hivyo mwenye kuikagua ni wewe. Tangu Januari 2019 sigara zinazouzwa nchini zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki, na programu ya simu ya Mamlaka ya Mapato (TRA) iitwayo Hakiki Stempu hukuwezesha kuithibitisha papo hapo. Kagua kabla hujatoa fedha, dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na uitunze, kwa sababu ndiyo itakayokutetea mkaguzi akija.

SWALI: Je, serikali ikipunguza kodi ya sigara, magendo hayatakwisha? (Msomaji, Mlandege, Iringa)

JIBU: Hatukubaliani na njia hiyo. Kodi husaidia kuwazuia vijana wasianze kuvuta, na sigara inaua, iwe ya halali au ya magendo. Wenzetu wa Kenya walianza mfumo wao wa stempu za kielektroniki mwaka 2013, wakaimarisha ukaguzi, na magendo ya sigara yakapungua bila kodi kushushwa. Huku kwetu tunaomba nguvu zielekezwe Tunduma, Kasumulu na kwenye maghala ya jumla, badala ya kuishia kwenye vibanda vya mitaani, ambako mzigo hufika ukiwa umeshagawanywa pakiti kwa pakiti na aliyeuleta hajulikani tena.