Tumbo lililopewa majina manne

Bibi aliliita chango, akanichemshia mizizi michungu. Zahanati ya kwanza ikaliita UTI, ya pili taifodi, ya tatu PID, yaani maambukizi ya via vya uzazi, na kila jina lilikuja na dozi yake ya antibayotiki. Nilizimeza zote hadi kidonge cha mwisho. Mwezi uliofuata, siku mbili kabla ya hedhi, nilikuwa tena nimejikunja kwenye sakafu ya bafu.

Nilivunja ungo nikiwa na miaka 13, shule ya bweni. Matroni alinipa Panadol mbili na kuniambia ndio ukubwa. Nyumbani nako haikuwa habari: mama hedhi ilikuwa ikimlaza kitandani, mama mkubwa vilevile, basi tukaiona kama rangi ya macho, kitu cha ukoo. Baadaye nilijifunza kwamba ugonjwa wenyewe huelekea kufuata ukoo, kwa hiyo neno "hata mimi nilikuwa hivyo" ni dalili, si faraja. Tumbo la hedhi la kawaida linasikia dawa ya maumivu na unaendelea na kazi. Linalokutapisha na kukutoa darasani kila mwezi linataka daktari.

Jina lake la tano ni endometriosi. Tishu inayofanana na ile ya ndani ya kizazi inaota nje yake: kwenye ovari, nyuma ya kizazi, hata kwenye utumbo au kibofu. Nayo inaitikia homoni za kila mwezi, inasababisha uvimbe na makovu yanayoweza kugandanisha viungo vya ndani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anao. Hausababishwi na uchafu, wala si adhabu ya mimba iliyotolewa, maana hilo nalo nimenong'onezwa.

Mlango ulifunguliwa na swali dogo. Daktari mmoja kijana aliniuliza: maumivu yanaanza tarehe ngapi, na damu inaanza tarehe ngapi? Sikujua. Akaniambia niandike kwa miezi mitatu. Nikanunua daftari la kurasa 48, kila siku nikaandika panapouma, dawa niliyomeza, na kazi iliyonishinda siku hiyo. Mwezi wa pili nikaona nilichokuwa nakificha hata mwenyewe: siku za hedhi, kwenda haja kubwa kulikuwa kama kuchomwa kisu, siku nyingine, hamna kitu. Somo wangu alinifunda mengi, hili hakuligusa. Na nani ataanza mazungumzo ya haja kubwa? Maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa ni hivyo hivyo, watu huyanyamazia. Yaandike, kisha msomee daktari kama yalivyo. Ukimwambia tu "tumbo linauma," atarudi kwenye UTI, na simlaumu sana. Lakini kama mkojo ukipimwa ni safi na maumivu yana miadi na damu yako, muulize waziwazi: je, inaweza kuwa endometriosi?

Kisha kuna utrasaundi. Ya kwanza ilisema kila kitu kiko sawa, nikalia kwenye bajaji hadi nyumbani. Kumbe kipimo hicho huona vizuri uvimbe wa ovari wenye damu nzito ya rangi ya chokoleti, ila vidoa vidogo humpita hata mpimaji hodari. Picha safi haifungi kesi. Kinachopitishwa ukeni huona zaidi ya kile cha juu ya tumbo. Kama hujawahi kukutana na mwanaume, sema, watatumia njia nyingine. Kipimo cha damu cha CA-125 nilikilipia bure, hakitoshi kuthibitisha wala kukanusha.

Zamani ilihesabiwa kwamba bila laparoskopi, ile kamera ya kupitia matundu madogo ya tumbo, hakuna jibu. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2022 umelegeza: daktari anaweza kuanza tiba kwa maelezo yako, uchunguzi na picha. Mimi utrasaundi ya pili, kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake, ilikuta uvimbe wa sentimita 4 kwenye ovari ya kushoto, nikafanyiwa laparoskopi, kisha nikaanzishiwa vidonge vya homoni.

Mama alishtuka. Vidonge vya uzazi wa mpango, na bado hujaolewa? Si ungezaa tu, yakaisha? Nikamwambia mimba inaweza kuyatuliza kwa muda lakini haiponyi, tena ugonjwa wenyewe unaweza kuichelewesha hiyo mimba. Hakuridhika. Nikampa daftari.

Alisoma taratibu, miwani puani. Alipofika mwezi wa pili alisimama, akaniangalia.

"Hata chooni, mwanangu? Nilidhani ni mimi peke yangu."