Usalama wa maabara usiubebe peke yako

Pole ndugu. Nimekuelewa: umeteuliwa afisa usalama kwenye taasisi ya utafiti, na sasa wakuu wa maabara wanakutupia mzigo wote. Usikubali. Mkataba namba 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), unaohusu usalama na afya kazini, unamwajibisha mwajiri. Wewe unashauri na kukagua, mkuu wa maabara anasimamia watu wake. Omba mgawanyo huo kwa maandishi, mkurugenzi atie saini.

Kesho anza na chupa za taka za kemikali. Niliwahi kukuta asidi ya nitriki imemiminwa kwenye mabaki ya ethanoli, kifuniko kimekazwa, chupa imeanza kuvimba. Tuliwatoa watu wote tukaita wataalamu. Ukiikuta kama hiyo, tafadhali usiiguse.

Bomba la kuoshea macho nalo lifungue mwenyewe: liweze kutoa maji dakika 15 mfululizo.